Mchuzi wa Matumbo na Maini: Nani Apakuliwe Nini?

SOMO LA KIKUNDI



Somo hili tutalifanyia jikoni. Siku ya soko, mtu mwenye pesa kidogo hutazama nyama iliyotundikwa pale bucha, akasikia bei yake, kisha macho yakateremka hadi kwenye karai la matumbo. Hakuna aibu hapo. Ndani ya karai hilo mna chakula kingine chenye nguvu kuliko hiyo steki. Lakini mara nyingi tunakiharibu kwa njia tatu. Kwanza, hatukisafishi vizuri. Pili, tunachemsha kila kitu pamoja mpaka maini yanakuwa kama soli ya kiatu. Tatu, tukishapika, yule anayehitaji damu kuliko wote nyumbani ndiye anayepewa mchuzi mtupu. Hili la tatu ndilo kubwa.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze:
1. Kuchagua matumbo na maini yasiyo na ugonjwa.
2. Kuyasafisha na kuyapika kwa utaratibu.
3. Kupakua akijua nani nyumbani ale nini, na kwa sababu gani.

Kwa kiongozi: matumbo huchukua muda. Mkitaka kula baada ya somo, yawe yamesafishwa jana yake au asubuhi na mapema, na yainjikwe kabla ya kuanza kufundisha.

NENO LA KUANZIA

Someni Matendo ya Mitume 6:1-7. Kanisa la kwanza lilikuwa na shida ya kugawa chakula. Wajane fulani walisahauliwa kila siku katika kuhudumiwa. Mitume hawakusema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, wayamalize wenyewe. Waliita mkutano, watu 7 wakachaguliwa kuisimamia kazi hiyo. Basi nasi tusione haya kuuliza nyumbani mwetu: nani anasahauliwa wakati wa kupakua?

MAIGIZO

Watu watatu waigize: Baba, Mke wake aliye na mimba ya miezi miwili, na Nyanya, ambaye ni mama yake Baba.

BABA: Mama watoto, leo nimesikia harufu ya maini tangu kule njiani. Sahani yangu iko wapi?

MKE: Iko hapa, Baba watoto. Lakini maini yenyewe yalikuwa robo tu. Nimewawekea watoto.

BABA: Watoto? Kwani tangu lini maini yakawa ya watoto? Marehemu baba alikuwa akiletewa maini kwanza, na hakuna aliyeinua jicho.

NYANYA: Ni kweli mwanangu. Lakini siku zile tulichinja wenyewe, kila mtu akapata kiungo chake. Sasa tunanunua robo. Mimi ningesema maini apewe huyu mkeo. Tazama viganja vyake vilivyokuwa vyeupe, na ana mtoto tumboni.

MKE: Asante Mama kwa kunifikiria. Lakini kule kikundini tulifundishwa ya kwamba mimi nile moyo na bandama, maini niwaachie watoto.

NYANYA: Ati mwenye mimba asile maini? Hiyo ni mpya!

BABA: Hata mimi sijapata kuisikia.

MKE: Basi Jumanne ni siku yangu ya kliniki. Twende wote tukamwulize nesi.

Kiongozi asimamishe maigizo hapo na aulize kikundi: kati ya hawa watatu, nani ana haki? Acheni watu waseme wote, wazee kwa vijana. Msikate shauri bado. Jibu litakuja tukifika kwenye kupakua.

1. KWA NINI TUNASEMA YANAJENGA DAMU?

Damu inahitaji madini ya chuma. Chuma kikipungua, mtu huchoka upesi, huona kizunguzungu, moyo humpiga akipanda kilima kidogo tu, na viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini huwa vyeupe. Wengine hutamani kula udongo, au yale mawe laini ya odowa yanayouzwa sokoni. Wengi tunadhani hamu hiyo ni desturi ya mimba tu, lakini mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Na udongo wenyewe huweza kuleta minyoo na kuzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, kwa hiyo mtu anazidi kuumia.

Wanaopungukiwa zaidi ni wanawake wenye mimba, wasichana walioanza kupata hedhi, na watoto wadogo kuanzia miezi 6, wakati maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena.

Sasa tuangalie karai letu. Katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, chuma ni kama hivi:

Matumbo: chini ya miligramu 1
Nyama ya kawaida: karibu miligramu 2
Moyo: kama miligramu 4
Figo: kati ya miligramu 4 na 5
Maini: karibu miligramu 5
Mapafu: karibu miligramu 8
Bandama (wengu): zaidi ya miligramu 40

Mnaona ajabu hiyo? Matumbo yenyewe, yale tunayoyasifu kwamba yanaongeza damu, yana chuma kidogo kuliko vyote. Ni chakula kizuri, yana protini na yanashibisha, lakini ukitaka damu, usinunue matumbo matupu. Punguza kidogo matumbo, uongeze moyo, figo au bandama. Na ile bandama ambayo mahali pengi hutupiwa mbwa ndiyo inayoshinda zote. Kipande kidogo tu kinatosha.

Maini nayo yana zaidi ya chuma. Yana vitamini B12, foleti, na vitamini A kwa wingi sana. Kumbukeni hiyo vitamini A, tutairudia.

Jambo moja zaidi. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mboga, na nyama ikiliwa pamoja na mboga, husaidia kile cha mboga kuingia pia. Nyanya, ndimu na machungwa husaidia. Lakini chai huzuia. Kwa hiyo usiteremshe chakula kwa kikombe cha chai. Ngojea kama saa moja hivi.

2. KUNUNUA

Nunua mahali panapokaguliwa. Tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama iliyotundikwa, na uulize matumbo na maini yametoka kwa mnyama yupi na amechinjwa lini. Viungo vya ndani huharibika upesi kuliko nyama. Vya leo vipikwe leo.

Maini mazuri ni ya rangi moja, yanang'aa, ni laini na hayana harufu mbaya. Yakatae ukiona haya:
- Mifuko ya maji, midogo au mikubwa kama yai, kwenye maini au mapafu.
- Mishipa migumu myeupe kama mabomba, au minyoo bapa kama majani ikitoka ukikata. Huyo ni mnyoo wa maini, na hupatikana sana kwa ng'ombe wanaolisha mahali pa majimaji.
- Punje nyeupe kama mchele kwenye moyo au ulimi, hasa wa nguruwe anayezurura ovyo.
- Usaha, uvimbe, au rangi ya kijani.

Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe. Tunajua inauma. Ng'ombe ni akiba ya nyumba, na mtu huona afadhali kuuza nyama ili apate hata senti kidogo. Lakini mnyama aliyekufa ghafula anaweza kuwa na kimeta. Mara nyingi damu hutoka puani au nyuma na haigandi. Usimchune, usimpasue, hata kutazama bandama usijaribu. Mwite ofisa wa mifugo.

Vilevile tukumbuke Homa ya Bonde la Ufa, iliyotokea Kenya baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 hadi 1998, na tena mwaka 2006 hadi 2007. Katika mara hiyo ya pili watu zaidi ya 100 walifariki nchini. Wengine walipata ugonjwa kwa kuchinja, kuchuna na kushika nyama ya wanyama wagonjwa. Mapishi mazuri hayamsaidii mtu aliyekwisha kujipaka damu mikononi.

3. KUSAFISHA

Fanyeni kazi hii mbali na kisima au mto. Mavi ya tumboni yatieni kwenye shimo la mbolea, ni mbolea nzuri.

a) Pasua tumbo, likung'ute, kisha lioshe kwa maji baridi mara 3 au 4 mpaka maji yawe safi. Lile tumbo lenye kurasa kama kitabu lifunue ukurasa kwa ukurasa. Uchafu hujificha humo.

b) Pasha maji mpaka yaanze kutoa mvuke lakini hayajachemka. Tumbukiza lile tumbo lenye manyoya kama taulo kwa dakika 1 au 2, ulitoe, ulikwangue ngozi nyeusi kwa kisu. Maji yakichemka kabisa, ngozi hushikamana na kazi huwa ngumu. Usichovye yote mara moja, chovya kipande kwa kipande.

c) Sugua kwa chumvi na unga wa mahindi kidogo, kamulia ndimu, kisha suuza. Harufu itapungua. Usitumie sabuni. Wengine hutia magadi ili matumbo yalainike upesi, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini. Afadhali uvumilie moto.

d) Moyo: upasue, toa damu iliyoganda, uoshe vizuri.

e) Figo: kata katikati, toa ule mzizi mweupe, loweka katika maji ya chumvi kwa nusu saa, kisha mwaga maji hayo.

f) Bandama: ondoa ngozi ya juu, kata vipande vidogo.

g) Maini: hakikisha kifuko cha nyongo kimetolewa bila kupasuka. Menya ile ngozi nyembamba, kata vipande vya kutosha mdomo mmoja. Usiyaloweke muda mrefu.

Baada ya kazi, mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni na maji moto kabla ya kukata nyanya na vitunguu.

4. KUPIKA

Mahitaji ya jamaa ya watu 8:
Matumbo kilo 1
Moyo nusu kilo
Figo 1 au bandama robo kilo
Maini robo kilo
Vitunguu 3, nyanya 6, karoti 2, viazi 6
Kitunguu saumu punje 4, na tangawizi ukubwa wa kidole gumba
Mafuta vijiko vikubwa 3
Dania fungu 1, ndimu 1, chumvi
Sukuma wiki, terere au kunde, fungu 2

Siri ya mchuzi huu ni kujua nani anatangulia kuingia sufuriani. Kigumu kitangulie, laini kingoje.

Saa 2 asubuhi: Kata matumbo vipande vidogo, maana vidogo huiva upesi na kuni hupungua. Yachemshe kwa maji mengi dakika 15, kisha mwaga maji hayo.

Saa 2 na robo: Tia maji mapya yafunike matumbo. Ongeza tangawizi na chumvi kidogo. Yakichemka, punguza kuni, funika, yaache yatokote polepole.

Saa 3 na robo: Ongeza moyo na figo. Kama maji yamepungua, ongeza maji ya moto, si ya baridi.

Saa 4: Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu mpaka vianze kubadilika rangi. Tia kitunguu saumu, kisha nyanya. Nyanya zikishavunjika na mafuta kuonekana juu, mimina ndani matumbo na supu yake yote. Supu usiimwage, nguvu iko humo. Sasa tia bandama, karoti na viazi.

Saa 4 unusu: Bana kipande cha tumbo kwa vidole. Kikikatika bila kushindana nawe, kimeiva. Kama bado, endelea. Usione uchungu kungoja nusu saa zaidi. Mboga za majani zipikwe kando, dakika chache tu.

Hapo pakua ile sahani ya kwanza, tutakayoieleza katika sehemu ya 5.

Mwisho kabisa: Tia maini. Dakika 8 hadi 10 zinatosha. Kata kipande kimoja kikubwa. Ndani pasiwe na damu wala wekundu, lakini yawe bado laini. Tia dania, kamulia ndimu, ipua.

Kuokoa kuni: Wenye kikapu cha kupikia, yaani kile kilichojazwa vitambaa kisichohitaji moto, chemsheni matumbo dakika 45 baada ya kubadilisha maji, kisha sufuria iingie kikapuni ikiwa imefunikwa na bado inachemka. Muda wa saa 3 hadi 4 yatakuwa yamelainika. Yarudishwe motoni yachemke tena kabla ya kutia vitu vingine. Hata jiko la udongo la kuni mbili husaidia kuliko mafiga matatu.

Ukibakiza, funika, na kesho uchemshe mpaka uone mapovu kabla ya kula. Kuupasha joto vuguvugu hakutoshi. Kama hali ya hewa ni ya joto, usilaze mchuzi bila friji. Afadhali kupika wa kutosha siku moja.

5. KUPAKUA

Sasa turudi kwa wale wa maigizo.

Katika jamii zetu nyingi kila kiungo kina mwenyewe. Kule Magharibi firigisi ya kuku ni ya baba, na mama akiila bila ruhusa kuna kesi. Mila kama hizi zilikuwa njia ya kuheshimiana, na hatuziiti ushenzi. Lakini heshima ya baba haipungui akiona watoto wake wana damu. Mwanamume mzima ana akiba ya chuma kuliko mkewe na watoto, kwa sababu hapati hedhi wala habebi mimba. Kwa hiyo Baba apewe sahani yake ya matumbo, moyo na viazi, ashibe, lakini maini yasianze kwake.

Je, yaende kwa mwenye mimba? Nyanya alisema hivyo kwa upendo, na wengi wetu tulilelewa hivyo. Lakini hapa tuwe waangalifu. Tulisema maini yana vitamini A kwa wingi. Mwenye mimba asipitishe mikrogramu 3,000 kwa siku za vitamini A ya namna hii. Gramu 100 tu za maini ya ng'ombe, hata kabla ya kupikwa, zina karibu 5,000. Vitamini A ikizidi, hasa miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vikiwa vinaumbwa, inaweza kumdhuru mtoto. Basi yeye amepungukiwa damu kweli, lakini maini si dawa yake. Dawa yake ni moyo, figo, bandama, nyama, ndengu, maharagwe na mboga za majani, pamoja na vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki. Vidonge hivyo visiachwe hata kama choo kinageuka cheusi. Hiyo ni kawaida yake.

Na vitamini A ya mboga za majani, karoti na maembe haina hatari hiyo. Ale tu.

Njia yake ni rahisi kabisa, nayo ndiyo tunataka mkumbuke kuliko mengine yote: MPAKULIE MWENYE MIMBA KABLA MAINI HAYAJAINGIA SUFURIANI. Mpakulie kwanza, mpakulie moyo na bandama, ujaze sahani. Kwa njia hiyo hatakuwa wa mwisho kula, wala hataletewa mchuzi mtupu.

Kisha maini yagawiwe hivi:
- Mtoto wa miezi 6 na zaidi: kijiko cha chai 1 au 2, yamepondwa vizuri pamoja na viazi na supu, si zaidi ya mara moja kwa wiki.
- Watoto wakubwa: vipande viwili vitatu kila mmoja.
- Wasichana waliovunja ungo, na mama anayenyonyesha: sehemu yao isisahauliwe. Mara moja kwa wiki inatosha.
- Mwenye ugonjwa wa jongo, ule wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma usiku: aache kabisa maini, figo na viungo vya ndani. Huongeza maumivu.

Basi katika maigizo, nani alikuwa na haki? Nyanya aliona vizuri kwamba mkaza mwana wake hana damu. Mke alijua chakula kinachomfaa. Na Baba, akikubali kwenda kliniki Jumanne, atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko kuletewa maini.

Tahadhari: chakula hujenga damu polepole. Mtu aliye mweupe kabisa viganjani, anayehema akiwa ameketi, au mtoto anayelala tu na kukataa kula, apelekwe hospitali leo. Usimngojeshe mchuzi uive. Malaria na minyoo ya safura hunyonya damu upesi kuliko sufuria inavyoweza kuirudisha.

6. MASALIO NA MBWA

Ile mifuko ya maji tuliyosema katika maini na mapafu, usimtupie mbwa. Ndani yake mna vijimnyoo. Mbwa akila, wanakua tumboni mwake na kutoa mayai madogo yasiyoonekana kwa macho. Mayai hutoka na mavi ya mbwa, yakashika manyoya yake, maji na mboga. Mtoto akimchezea mbwa kisha akala bila kunawa, anayameza. Miaka mingi baadaye uvimbe mkubwa wa maji huota ndani ya ini au pafu lake, na mara nyingi tiba ni kupasuliwa. Turkana imekuwa kati ya sehemu za dunia zilizopata ugonjwa huu zaidi, hata AMREF ikaanzisha kazi ya kupambana nao huko katika miaka ya 1980. Umasaini pia upo.

Kuuzuia hakuhitaji pesa nyingi:
- Choma mifuko hiyo, au uifukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.
- Masalio ya mbwa yachemke nusu saa kwanza.
- Mwulize ofisa wa mifugo dawa ya minyoo ya mbwa. Kikundi kinaweza kuchanga pamoja.
- Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako, nani hupakuliwa kwanza na nani mwisho? Ni nani aliyeamua hivyo?
2. Je, kuna kiungo ambacho katika jamii yenu wanawake au watoto hawaruhusiwi kula? Wazee watueleze maana yake ya zamani. Bado inatusaidia?
3. Bandama huenda wapi katika machinjio ya kwenu? Kikundi kinaweza kupatana na mwenye bucha kuinunua?
4. Kuna wenye mimba wangapi kijijini ambao bado hawajaanza kliniki? Nani atawatembelea wiki hii?
5. Masalio ya machinjio yanatupwa wapi, na mbwa wanafika hapo?

KAZI YA MWEZI

Kila wanakikundi wanne wachange pesa siku moja, wanunue matumbo, moyo, bandama na maini kwa pamoja, wasafishe pamoja, wapike kwa zamu. Mkutano ujao kila kundi lieleze lilipakuaje. Waume nao waalikwe, si kula tu, bali kusugua matumbo kwa chumvi. Kazi hiyo inataka mikono yenye nguvu.

NENO LA KUMALIZIA

Yesu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili kisipotee kitu. Alijali umati, akajali na vipande. Karai la matumbo ni vipande vya namna hiyo: vinatupwa na wengi, lakini vikikusanywa, vikasafishwa na kugawiwa kwa haki, nyumba hupata damu.

Tuombe: Bwana, ubariki chakula hiki na mikono iliyokitayarisha. Utufungue macho tumwone yule tunayemsahau wakati wa kupakua. Amina.